Shangazi Aliyefika Ukurasa wa Mwisho

Katika vitabu nilivyosoma nikiwa msichana, watu wa namna ya dada yangu hawakuishi sana. Mwandishi alimleta mmoja kijijini, akampa mate ya kumtiririka na kicheko kisicho na sababu, watoto wakamtupia mawe, na kabla hadithi haijafika katikati alikuwa amekwisha tumbukia mahali. Wa kwanza niliyekutana naye alitumbukia kisimani. Aliyemfuata alitumbukia mtoni. Kuna mmoja aliyeponea maji, nikaanza kumpigia makofi moyoni, kumbe yeye alikuwa amewekewa lori. Baada ya mazishi shujaa wa hadithi alitazama mbali, akajifunza huruma, akaoa.

Waandishi hao walinikasirisha, na mimi si mtu wa kuficha hasira. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Kupiga chapa barua za watu wengine kutwa nzima humfanya mtu awe na maoni mengi ambayo hakuna anayemwomba. Maoni yangu niliyapeleka nyumbani, kwa mama na kwa dada yangu, ambao hawakuwa na pa kukimbilia.

Mama alituzaa sisi wawili tu, na dada ndiye mkubwa. Siku hizi neno lipo, usonji, na watu hulitamka redioni bila taabu. Wakati ule hatukuwa nalo. Mtawa mmoja muuguzi kule Mukumu alitutajia neno la Kizungu, mama akaitikia kwa adabu, na tulipofika nyumbani lilikuwa limetutoka wote wawili. Majirani walikuwa na maneno yao, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu karatasi haina kosa.

Dada hakupenda kuguswa ghafla. Mvua ya mawe ikipiga mabati alijifunika masikio kwa mto na kuvuma kwa sauti ya chini mpaka ipite. Nguo mpya ilimkwaruza, hakuivaa mpaka ifuliwe na kufuliwa tena. Akimenya njugu alizipanga kwa safu, na ole wako upite na kanga yako uzivuruge. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba alichelewa kujibu. Ukimwuliza jambo, swali liliingia ndani likakaa kama maharagwe kwenye moto mdogo. Jibu lilikuja likiiva, na mara nyingi wewe ulikuwa umeshasahau ulichouliza.

Nyumbani kwetu hakuna mvumilivu hata mmoja. Kwa hiyo tulikuwa tumeacha kumwuliza. Tulimpakulia, tukamchagulia nguo, tukamwambia kaa hapa, simama, twende. Tulifanya hivyo kwa upendo mtupu, na sikumbuki mtu yeyote kuona kasoro.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa, niliwasomea. Mama alichambua mboga za kuuza sokoni, dada alimenya njugu zake mlangoni, nami nilisoma kwa sauti kitabu chochote nilichoazima maktaba ya mji. Sikuwa na hakika kama dada anasikiliza. Alitazama njugu, hakunitazama mimi. Ndipo siku moja nikasoma kile cha mtoni, cha yule mtu wa kuchekwa aliyesombwa na maji. Nilikisoma mpaka mwisho kwa sababu mwandishi alijua kusimulia, nami nilitaka kujua nani ataoa nani. Jumatatu dada alikataa kushuka kijitoni na ndoo. Hakupiga kelele, alikaa tu chini, ndoo pembeni yake, akivuma. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Mama aliwaza mengi, hata nyoka. Mimi nilijua ni kitabu.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba lazima nimtafutie kingine. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu mmoja, hata wa kubuniwa, anayefanana na dada yangu, aishi ndani ya hadithi kama watu wengine wanavyoishi, na watu wa humo wamwulize anataka nini.

Ungedhani naomba nyota. Niliipekua maktaba rafu kwa rafu, mpaka bwana wa dawatini akaanza kuniona nikiingia na kujifanya ana kazi. Nikimweleza ninachotafuta ananipa vitabu vya wagonjwa. Nikimwambia si mgonjwa ananipa vya malaika. Upande wa Kizungu nilipata watoto wasiosema na mtu lakini wanaokokotoa hesabu kubwa kichwani, wanatatua mauaji, wanapiga kinanda mpaka watu wazima wanalia. Hao nao walinichosha. Dada yangu hakuwa na kinanda. Je, asipojua kukokotoa ndiyo hastahili kufika ukurasa wa mwisho?

Nilikipata mahali ambapo sikukitafuta. Karibu na stendi kulikuwa na mama aliyetandaza vitabu vilivyochakaa juu ya gunia, pamoja na viatu vya mitumba. Nilikwenda kwa viatu. Chini ya kimoja palikuwa na riwaya nyembamba ya Kiswahili isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui jina lake wala la aliyeiandika, nami ningependa sana kumwamkia. Nilisoma ukurasa mmoja nimesimama, kisha nikasoma mwingine. Viatu sikununua.

Ilikuwa hadithi ya kawaida ya familia inayogombania shamba. Lakini ndani ya nyumba ile alikaa shangazi. Shangazi hakutazama watu machoni. Alifuga kuku, akawapanga jioni kwa utaratibu wake, na mtu akiingilia alifoka. Ukimwuliza leo alijibu kesho. Na watu wa nyumba ile, wagomvi wakubwa ambao hawakukubaliana juu ya kitu kingine chochote, walimsubiri. Palipotakiwa auzwe jogoo kulipia wakili, walimwuliza shangazi, kisha wakala, wakalala, mpaka asubuhi alipotoa jibu lake, na jibu lilikuwa la kuudhi. Hakutumbukia popote. Hakumfundisha mtu huruma. Alifika ukurasa wa mwisho akiwa hai, mkaidi, na kuku wake.

Nilipowasomea, mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Alisema huyo mwandishi lazima amewahi kulala kwetu. Dada alipanga njugu. Jumamosi iliyofuata nilikuja na kitabu kingine, nikafungua, nikaanza. Dada akasema, bila kuinua kichwa, "Soma ya shangazi." Hakuwahi kuniomba kusomewa kitu maishani mwake. Niliisoma ya shangazi siku hiyo na Jumamosi nyingi zilizofuata, mpaka mama akawa anaweza kuisema akiwa shambani.

Sasa, mtu mwenye kitabu cha namna hiyo hawezi kukificha. Nilianza kukiazimisha. Na kwa kuwa nilikuwa na umri wa kuolewa, kidogo nimeshaupita kama ungewasikiliza jirani zetu, nilianza kuwaazimisha wanaume walionipitia ofisini wakiwa na sababu zisizo za ofisi. Palikuwa na karani mmoja wa benki, nadhifu, mwenye mwavuli. Alikimaliza haraka, akasema ni kizuri ila huyo shangazi anakirefusha, angeondolewa hadithi ingekwenda upesi. Mwavuli wake alikuwa ameniazimisha wakati wa mvua. Nilimrudishia papo hapo, ingawa nje mvua ilikuwa inanyesha.

Wa pili alikuwa kijana wa Matungu aliyezunguka kwa baiskeli akikagua mashamba ya miwa, akaja kwetu kupigiwa chapa ripoti zake. Alikaa na kitabu mpaka nikaanza kukililia. Alipokirudisha alisema ni kizuri, lakini katika ule ugomvi wa jogoo shangazi ndiye aliyekosea. Niliruka. Nilimtetea shangazi mpaka saa ya chakula ikaisha, naye hakurudi nyuma hata hatua moja: jogoo alikuwa mzee, wakili alikuwa anadai, shangazi alijali utaratibu wake kuliko shamba. Niliondoka nimevimba. Nilipokaa tena kwenye mashine yangu ndipo nikagundua kilichotokea. Alikuwa amebishana na shangazi kama anavyobishana na mtu yeyote. Hakumwonea huruma hata kidogo. Nilikosea barua nzima ya mkubwa wangu, nikaianza upya nikicheka peke yangu.

Mambo yakaenda yanavyokwenda, na siku ya watu wake kuja kwetu ikapangwa. Hapo ndipo penye kisa.

Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa hivi hivi. Akimtangulia, wakwe huleta kitu, kwa kawaida leso nzuri ya kujitanda, wakampa yule mkubwa na kumwomba njia. Akikubali, ndipo wazee wanageukia habari za ng'ombe. Ni desturi ya dakika chache. Dada mkubwa hupokea, hutabasamu, wanawake hupiga vigelegele. Baba mkubwa, aliyesimama mahali pa baba yetu marehemu, aliamua kwamba kwetu hatua hiyo irukwe. Leso apewe mama, mambo yaende. "Huyu hajuangi hata arusi ni nini," alisema. "Mtamuuliza nini?"

Nilimjibu kwamba ataulizwa, na asipoulizwa siendi popote. Baba mkubwa alimtazama mama kana kwamba mama ndiye aliyefungua mdomo. Mama alinivuta jikoni akanibembeleza. Hakuwa akimdharau dada, alikuwa anaogopa. Wageni wakimwona anavuma na kujiziba masikio, wataulizana njiani kama ni kitu cha damu, kama na watoto wangu watakuwa hivyo. Nyumba nyingi ziliwafungia chumbani watu wao siku kama hiyo, na posa nyingi zilivunjika pale zilipokosa kuwafungia. Nilijua vizuri ninachokiweka hatarini. Nilimtaka yule mtu wa Matungu, nisiseme uongo, nilimtaka sana. Lakini sikutaka kupita juu ya kichwa cha dada yangu kama mtu anayeruka gogo.

Wageni walikuja wamevalia. Mwali hakai sebuleni wakati wa mazungumzo, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, nikiwa na jukumu la kuku jikoni ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Mama alisimama karibu nami. Dada alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa nje, mahali alipopenda, mikono juu ya magoti. Alikuwa anavuma, kidogo tu.

Mshenga wao alitoa leso kwenye karatasi. Baba mkubwa aliipokea, akaikunjua mbele ya wote, akaishika, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Uso wake ukabadilika. Leso mpya huwa kavu kama kadi na ina harufu ya dukani. Hii ilikuwa laini, na rangi yake imepoa.

"Hii imevaliwa," alisema. "Nani amevaanga hii?"

Pale sebuleni pakawa pabaya. Kumletea binti wa watu leso iliyovaliwa ni tusi, na hakuna ukoo usiolijua. Wazee wa Matungu wenyewe walishtuka kuliko sisi, maana hawakuwa wameifungua. Mshenga alianza kuomba radhi, akasema itanunuliwa nyingine sasa hivi, mjini si mbali. Shangazi yake bwana harusi alimtazama kijana wao kwa jicho ambalo nililiona hata kupitia pazia. Nyuma yangu mama alishika ukuta.

Ndipo yule kijana wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba leso ni mpya. Aliinunua mwenyewe, na wiki nzima amekuwa akiifua na kuianika, akaifua tena, ili isimkwaruze dada.

Mwanamume kufua leso, na kulisema hilo mbele ya wazee wa pande mbili! Shangazi yake alifunika mdomo. Baba mkubwa alibaki na leso mikononi kama mtu aliyepewa mtoto asiyejua ambebeje. Yule kijana aliinuka, akaichukua kwake taratibu, akaenda akachuchumaa kando ya kigoda, ubavuni, si mbele, akitazama mlango kama dada alivyokuwa anatazama mlango. Leso akaiweka pale ambapo mkono wa dada ungeifikia.

"Dada," alisema, "nataka kumwoa mdogo wako. Wewe ndiye mkubwa. Unakubali?"

Kisha akanyamaza, na alinyamaza kweli, bila kumhimiza, bila kutabasamu kwa kumhurumia. Tulisubiri. Kiti kililia. Mtu alikohoa, mwingine akamsaidia kukohoa. Kuku alianza kunuka vibaya jikoni na hakuna mwanamke aliyethubutu kuondoka. Baba mkubwa alivumilia kadiri alivyoweza, ambayo si mbali, halafu akasema basi, tumeona, sasa twende kwa mambo ya ng'ombe.

"Baba, bado hajajibu," alisema yule kijana, kwa heshima, bila kusogea.

Tukasubiri tena. Dada aliinyoosha mikono, akaishika leso. Aliupitisha kidoleni upindo mzima, mwanzo hadi mwisho. Akajifunika mabegani. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi ya kupigia vigelegele, na moyo wangu ulikuwa juu kwenye mabati.

"Hapana," alisema dada.

Leso hakuirudisha. Njia hakuitoa.

Baba mkubwa aliharakisha kueleza kwamba si unaona, hajui anachosema, neno la kwanza lililomjia ndilo hilo. Yule kijana alisimama, akapangusa magoti. "Nimemwuliza na amenijibu," alisema. Akawaambia wazee wake kwamba watarudi siku nyingine, dada akiwa amekubali. Wazee wake hawakufurahi, lakini walikuwa wamekaa wakimsubiri dada kama sisi sote, na ni vigumu kusema jibu si jibu baada ya kulisubiri namna ile. Walikula kuku aliyeungua kwa adabu, wakaenda. Ng'ombe hawakutajwa.

Mimi nilikuwa nimewaka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilimkasirikia dada, nikamkasirikia mwandishi asiye na jalada, nikamkasirikia mwanamume wangu kwa kuwa mwema kuliko nilivyomwagiza. Nilikuwa nimetaka aulizwe, ndiyo, lakini akilini mwangu jibu lilikuwa limeshaandikwa, na halikuwa hilo. Nilipochoka kupasua nilirudi ndani, nikakaa kando yake jinsi yule kijana alivyokaa, nikamwuliza kwa nini amekataa. Hakujibu. Nilikwenda kulala nikiwa bado nimenuna.

Jibu lilikuja siku nyingine mchana, tukiwa watatu uani tunapukuchua mahindi. Nilikuwa namlalamikia mama juu ya bei ya sukari.

"Simjui," alisema dada.

Nilitaka kuuliza simjui nani, kisha nikaelewa. Ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye sebule ile wakipima koo, na mashamba, na dini, na mimi mwenyewe nikipima watu kwa kitabu. Dada alikuwa amemwona mtu huyo mara moja tu, mlangoni. Anaombwa amtoe mdogo wake, anayemsomea, kwa mtu asiyemjua. Alikataa. Wewe ungefanya nini?

Mama aliweka gunzi chini.

"Nimemzaa, nimemlisha, nimemwombea," alisema. "Sijawahi kumuuliza kitu anaweza kunikatalia."

Nilipompelekea habari, yule wa Matungu alicheka sana, akasema dada ana haki, kwa kweli hamjui. Akaanza kuja Jumapili. Hakuja kwangu, mimi nilikuwa namwona ofisini. Alikuja akakaa kwenye gogo kando ya mlango, akamenya njugu, na mara ya kwanza alizichanganya akafokewa. Baba mkubwa alipita akawaona wamekaa kimya wakitazama barabara, akaniuliza huyo kijana anaendeleaje kichwani. Mvua zikaja, baiskeli yake ikawa inafika na tope mpaka kwenye tandiko. Alifika tu.

Baada ya mavuno wazee walirudi. Hawakuleta leso, kwa kuwa ile ya kwanza dada alikuwa ameivaa. Aliulizwa tena, na hakuna aliyetaja ng'ombe wakati tukisubiri, hata baba mkubwa, ambaye alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Nyuma ya pazia nilikuwa tayari kwa lolote, na ninaposema lolote namaanisha hivyo. Nilikuwa nimeshamwambia mwanamume wangu kwamba likiwa hapana tena, ni hapana. Dada akasema ndiyo.

Watu walimsema mama baadaye, kwamba siku ya harusi yangu alinitoa mlangoni macho makavu kama jiwe, mama gani huyo. Hawakuwa jikoni kwetu siku ile baada ya mavuno. Alikaa chini sakafuni, leso usoni, akalia mpaka wageni wakamaliza kula, kwa sababu mtoto wake mkubwa alikuwa amesema ndiyo na angeweza kusema hapana.